Albrecht Dürer: Fundi Aliyetoa Siri ya Vipimo

Wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi husoma mara kwa mara habari za Comenius, Pestalozzi na Froebel. Jina la Albrecht Dürer halimo katika orodha hiyo, kwa sababu ulimwengu humjua kama mchoraji. Hata hivyo, mtu huyu aliitumia miaka ya mwisho ya uhai wake kuandika vitabu vya kufundishia. Aliviandika kwa lugha ya watu wake, kwa ajili ya vijana wasiokuwa na mwalimu. Makala haya yanaeleza maisha yake, na yanaangalia hasa jambo moja lililomshughulisha tangu ujana wake, nalo ni namna ya kupanga mistari ili nafasi na ukubwa wake viafikiane na jicho la mtazamaji.

Utoto na uanagenzi

Dürer alizaliwa tarehe 21 Mei, 1471, katika mji wa Nuremberg, nchini Ujerumani. Baba yake, aliyeitwa pia Albrecht, alikuwa sonara aliyehamia mjini humo kutoka Hungaria. Mama yake, Barbara, alizaa watoto 18, na walio wengi walifariki mapema. Kijana Albrecht alipelekwa shule, akajifunza kusoma na kuandika. Kisha babaye akamtoa shuleni ili amrithishe kazi ya usonara. Humo kiwandani mwa baba yake mkono wake ulizoea kushika chuma chenye ncha kali na kuchora juu ya madini bila kutetemeka. Mwaka 1484, akiwa na umri wa miaka 13, alijitazama kiooni akachora sura yake kwa kalamu yenye ncha ya fedha. Mstari wa kalamu ya namna hiyo ukishachorwa haufutiki. Mchoro huo umehifadhiwa mpaka leo katika mji wa Vienna.

Moyo wa kijana ulivutwa zaidi na uchoraji kuliko usonara. Alipomweleza baba yake, mzee alisikitika kwa ajili ya muda uliopotea, lakini hakumzuia. Mwishoni mwa mwaka 1486 alimweka chini ya mchoraji Michael Wolgemut kwa muda wa miaka mitatu. Katika kiwanda cha Wolgemut ndimo zilimochorwa picha za kitabu kikubwa cha historia ya dunia kilichopigwa chapa na Anton Koberger mwaka 1493. Koberger huyo alikuwa baba wa ubatizo wa Dürer. Hivyo kijana alikua katikati ya watu wa vitabu, akaona mapema kwamba picha iliyochongwa mara moja yaweza kupigwa chapa mamia ya nakala na kuwafikia watu wasioweza kununua picha ya rangi.

Mistari ya kivuli

Hapa yafaa tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Picha ya chapa ina rangi mbili tu, nyeusi ya wino na nyeupe ya karatasi. Haina kijivu. Fundi akitaka kuonyesha upande wa nyumba ulio kivulini, au mviringo wa shavu la mtu, hana budi kuchora mistari mingi iliyo sambamba. Mistari ikikaribiana, mahali pale huonekana peusi zaidi. Ikiachana, mahali hapo hung'aa. Akitaka giza lenyewe, huikatiza mistari hiyo kwa mingine inayopita juu yake kama nyuzi za mkeka. Basi kijivu tunachokiona hakimo katika karatasi. Jicho letu ndilo linalokiunda, kwa kuchanganya nyeusi na nyeupe zilizo karibu karibu.

Kuna njia mbili za kutengeneza picha hizo. Katika njia ya kwanza fundi huchonga ubao, akiondoa sehemu zote zitakazokuwa nyeupe na kuuacha mstari umesimama kama ukuta mwembamba. Ukuta ukiwa mwembamba mno huvunjika. Nafasi kati ya kuta ikiwa ndogo mno hujaa wino, na picha hugeuka doa jeusi. Katika njia ya pili huchora kwa chuma chenye ncha juu ya bamba la shaba, na wino hukaa ndani ya mifereji aliyoichimba. Shaba hukubali mistari myembamba na iliyobanana sana. Kwa hiyo mpango wa mistari ufaao katika shaba waweza kuharibu picha ukihamishiwa katika ubao. Dürer alizimudu njia zote mbili, na ubora wake mkubwa ulikuwa katika kujua kila njia inadai nafasi gani kati ya mstari na mstari.

Safari za kutafuta elimu

Mwaka 1490 alianza safari, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi vijana waliomaliza uanagenzi. Alitamani kumfikia Martin Schongauer wa Colmar, bingwa wa kuchora katika shaba. Alipofika Colmar mwaka 1492 alikuta bingwa huyo amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Ndugu za marehemu walimpokea kwa wema. Lakini mwalimu aliyemtafuta alikuwa kaburini, ikambidi ajifunze kwa kuzitazama kazi alizoziacha. Mwaka 1494 alirudi nyumbani, akamwoa Agnes Frey, na baada ya miezi michache akashika njia ya Italia hadi Venezia.

Karibu na mwaka 1500 alikutana na mchoraji wa Venezia aitwaye Jacopo de' Barbari. Mtu huyo alimwonyesha picha za mwanamume na mwanamke zilizochorwa kwa kufuata vipimo maalumu. Dürer alishangaa sana, kwa sababu hakuwa amepata kusikia kwamba umbo la binadamu laweza kupimwa kwa kanuni. Akamwomba amweleze njia hiyo. Jacopo hakutaka kumfumbulia wazi. Elimu ya namna hiyo ilikuwa mali ya fundi, na kila fundi aliifungia ndani kama mganga anavyoficha dawa yake. Kwa kijana mwenye kiu ya kujua, tendo hilo lilikuwa chungu, na Dürer hakulisahau mpaka uzeeni. Alitafuta kitabu cha Vitruvius, Mrumi wa kale aliyeandika habari za ujenzi na vipimo vya mwili, akaanza kujifunza peke yake. Alirudi Venezia mwaka 1505, akakaa mpaka mwaka 1507, na mwaka huo akanunua kitabu cha jiometria cha Euclid. Alikuwa amepita umri wa miaka 35, jina lake limekwisha kuenea, naye aliketi kusoma hisabati kama mwanafunzi.

Kazi zilizompa jina

Sifa yake ilianza mwaka 1498, alipotoa kitabu chenye picha 15 kubwa za kuchongwa katika ubao kuhusu Ufunuo wa Yohana. Alikitoa kwa Kilatini na kwa Kijerumani, akiwa yeye mwenyewe mchoraji na mtoaji. Mkewe Agnes alichukua picha hizo akaziuza masokoni na katika miji mingine. Kisha zikafuata picha tatu mashuhuri za shaba, ya Mpanda Farasi mwaka 1513, na zile za Mtakatifu Jerome na ya Huzuni mwaka 1514. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyozidi sana ukubwa wa ukurasa wa daftari kubwa. Lakini mbao za sakafu, manyoya ya mbwa na mwanga upitao dirishani vyote vimeonyeshwa kwa mistari midogo sana iliyopangwa kila mahali kwa nafasi yake.

Katika picha ya Huzuni mna jambo litakalomfaa mwalimu wa hisabati. Juu ya ukuta Dürer alichora mraba wenye vyumba 16 vilivyojazwa namba kuanzia 1 mpaka 16. Safu ya kwanza ina 16, 3, 2 na 13. Ya pili 5, 10, 11 na 8. Ya tatu 9, 6, 7 na 12. Na ya nne 4, 15, 14 na 1. Ukijumlisha safu yoyote, kwa kulala, kwa kusimama au kutoka pembe hadi pembe, jumla ni 34. Namba mbili za katikati katika safu ya mwisho, 15 na 14, zinataja mwaka wa picha. Mwaka huohuo, mwezi Mei, mama yake alifariki. Miezi miwili kabla alikuwa amemchora kwa makaa, mzee aliyedhoofika, mifupa ya uso wake ikionekana wazi chini ya ngozi.

Mfalme Mkuu Maximilian alimpa kazi ya tao kubwa la heshima litakalopigwa chapa katika karatasi. Kazi hiyo ilihitaji mbao zaidi ya 190, na karatasi zake zikiunganishwa zilifikia kimo cha zaidi ya meta tatu. Picha ya shaba hushikwa mkononi. Tao hilo lilibandikwa ukutani, likatazamwa na mtu aliyesimama mbali. Fundi alipaswa kufikiri juu ya umbali huo kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Kifaru na onyo lake

Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon kwa meli, akawa ajabu kwa watu wa Ulaya. Dürer hakumwona. Alipata mchoro mdogo na maelezo ya maandishi, akatoa picha yake ya kuchongwa katika ubao. Ngozi ya mnyama aliipanga kama mabamba ya chuma ya askari, na juu ya shingo akampa pembe ndogo ya pili ambayo kifaru hana. Mistari yake ya kivuli ilikuwa hodari kiasi kwamba kila aliyeitazama aliamini. Kwa zaidi ya miaka 200 vitabu vya Ulaya viliendelea kunakili picha hiyo pamoja na makosa yake. Mwalimu atengenezaye zana za kufundishia na alikumbuke jambo hili. Picha nzuri ina nguvu ya kufundisha ukweli, na ina nguvu ileile ya kuhifadhi kosa kwa vizazi.

Safari ya mwisho na vitabu vya mafunzo

Maximilian alipofariki mwaka 1519, malipo ya kila mwaka aliyokuwa akimpa Dürer yalitiwa mashaka. Kwa hiyo mwaka 1520 Dürer na mkewe walisafiri hadi nchi za chini za kaskazini ili kumwomba Mfalme Mkuu mpya, Charles wa Tano, ayathibitishe, naye aliyathibitisha. Huko Antwerp, mwaka 1521, alimchora mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya wakala wa Wareno. Aliandika jina lake, Katharina, na umri wake, miaka 20. Kwa kalamu yake ya fedha alimtazama kwa utulivu na heshima ileile aliyowatazamia matajiri waliomlipa. Katika safari hiyohiyo alikwenda Zeeland kumwona nyangumi aliyekwama pwani. Alipofika, nyangumi alikuwa amekwisha kuchukuliwa na maji, naye alirudi na homa iliyomsumbua mpaka kufa kwake.

Akiwa na afya hiyo dhaifu alishika kazi aliyoiona kuwa deni lake. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika kitabu juu ya vipimo vya mwili wa binadamu. Kilipokaribia kutimia alitambua kwamba vijana wa viwandani hawataweza kukisoma, kwa sababu hawakujua hata misingi ya jiometria. Aliweka kando kitabu hicho kikubwa, akaandika kwanza kingine cha kuanzia. Kilitolewa Nuremberg mwaka 1525, nacho kinafundisha kupima kwa bikari na rula. Humo alieleza kwamba waliokwisha kumwelewa Euclid hawakihitaji. Kimeandikwa kwa vijana na kwa wale wasiokuwa na mtu wa kuwaelekeza. Yale ambayo Jacopo alimnyima, yeye aliyaweka wazi kwa yeyote ajuaye kusoma Kijerumani.

Kitabu kina sehemu nne, zinazopanda ngazi kwa ngazi. Kinaanza na mistari, kinaendelea na maumbo bapa, kisha matumizi yake katika majengo na herufi, na mwishoni maumbo yenye ujazo na uchoraji wa vitu kama jicho livionavyo. Dürer alichora maumbo yenye ujazo yakiwa yamekunjuliwa na kulazwa juu ya karatasi, ili mwanafunzi ayakate na kuyakunja mwenyewe. Mwalimu wa leo anapowapa watoto karatasi yenye miraba sita ili waunde mchemraba, anatumia njia iliyomo katika kitabu hicho. Mwishoni alionyesha watu wawili wakichora ala ya nyuzi, jamaa ya udi wa taarabu, kwa msaada wa uzi uliofungwa ukutani. Mmoja hushika ncha ya uzi juu ya ala, mwenziwe hutia alama mahali uzi unapopita katika fremu.

Lugha ilimpa taabu. Istilahi za jiometria zilikuwa za Kilatini na Kigiriki. Dürer aliunda maneno kutoka katika vinywa vya mafundi, na umbo la duaradufu akaliita mstari wa yai. Walimu wa Afrika ya Mashariki walioshuhudia juhudi za kupata istilahi za Kiswahili kwa masomo ya shule wataielewa kazi hiyo. Lakini jina hilo lilikwenda pamoja na kosa. Alidhani kwamba pia likikatwa kwa mshazari, umbo linalopatikana huwa pana zaidi upande wa chini, kwa kuwa pia lenyewe hupanuka kuelekea chini. Akalichora kama yai hasa. Kwa kweli duaradufu ni sawa pande zote mbili. Kosa hilo halikiondolei kitabu thamani yake, bali lamkumbusha mwalimu kulipima kila jina analowapa watoto.

Herufi juu ya ukuta

Katika sehemu ya tatu kuna somo dogo ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. Dürer anauliza jinsi ya kuandika maneno juu ya ukuta mrefu, mstari juu ya mstari, ili msomaji aliyesimama chini aone herufi zote kuwa sawa. Zikichongwa kwa kimo kimoja, za juu zitaonekana ndogo. Anaonyesha kwamba yapasa kuchora kutoka jichoni mistari yenye pembe zilizo sawa mpaka ukutani. Kila pembe hukata sehemu ya ukuta, na sehemu hizo huzidi kukua kadiri zinavyopanda. Herufi zisizo sawa ukutani huwa sawa machoni.

Kanuni hiyo ingali inafanya kazi katika ofisi za wachoraji wa ramani za majengo, ambao siku hizi hutumia kompyuta. Programu ya kuchorea ina mafungu ya mistari ya kivuli yaliyo tayari, la matofali, la zege, la udongo. Jengo huchorwa humo kwa vipimo vyake halisi, kisha hupunguzwa wakati wa kutolewa katika karatasi. Tuseme ramani itatolewa kwa skeli ya 1:50, na mistari imeachana kwa milimita 2. Baada ya kupunguzwa, nafasi hiyo itakuwa milimita 0.04, na ukuta wote utatokea mweusi. Mchoraji anayetaka milimita 2 juu ya karatasi huzidisha kwa 50, akaweka milimita 100. Ramani ileile ikitolewa kwa skeli ya 1:20, milimita hizo 100 zitakuwa 5, na yafaa arekebishe tena. Akizidisha mno, mstari mmoja waweza kuangukia nje ya chumba, na chumba kikaonekana kitupu. Kompyuta hutii namba iliyopewa. Kuamua jicho litaona nini ni kazi ya mtu.

Darasani hali ni hiyohiyo. Mtoto husoma daftari kwa umbali wa sentimeta 40 hivi. Akikaa nyuma ya darasa, meta 8 kutoka ubaoni, umbali huo ni mara 20. Ili mistari iliyoachana kwa milimita 2 katika daftari ionekane vilevile ubaoni, yapasa iachane kwa sentimeta 4. Mwalimu anayenakili ramani kutoka kitabuni hadi ubaoni, akaikuza nchi lakini akaiacha mistari ya ziwa au ya misitu na nafasi yake ya kitabuni, huwapa watoto wa nyuma doa lisilosomeka. Watoto hao hawatalalamika, watanakili doa. Kabla ya somo, mwalimu na aende mpaka dawati la mwisho, akae, atazame ubao kutoka hapo. Kisha awape wanafunzi zoezi wachore mpango wa darasa lao mara mbili, kwa skeli ya 1:50 na ya 1:100, watie mistari ya kivuli katika kuta, na waeleze wenyewe kwa nini nafasi ile moja haikufaa michoro yote miwili.

Mwisho wa maisha yake

Dürer alifariki Nuremberg tarehe 6 Aprili, 1528, akiwa na umri wa miaka 56. Kitabu cha vipimo vya mwili, alichokiahirisha kwa ajili ya wanafunzi wake asiowajua, hakuwahi kukiona kimetolewa. Mkewe Agnes alikitoa mwezi Oktoba mwaka huohuo. Baada ya miaka michache vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kilatini, wataalamu wa nchi nyingine wakasoma yale yaliyoandikwa kwanza kwa vijana wa viwandani.